Kabla ya kununua kompyuta ya eabegi

SWALI: Shikamoo fundi. Taa ya eabegi haizimiki, wiki ya tatu sasa. Fundi kapima na mashine, kasema kompyuta ya eabegi imekufa. Nimepata iliyotumika, imetolewa kwenye gari la aina hiihii lililogongwa. Naweza kuifunga mwenyewe? Gari linatembea vizuri tu.

JIBU: Marahaba. Gari linatembea, ndiyo, lakini taa hiyo ikiwaka huenda mifuko ya hewa (ndiyo eabegi zenyewe) isifunguke ukigonga. Usiizoee.

Kwanza muulize fundi alisoma kosa namba ngapi. "Mashine imesema eabegi" si jibu. Mimi nilishamfungia mteja kompyuta mpya kabisa, taa ikazima, nikapokea hela yangu. Kesho yake huyo karudi, taa inawaka. Kumbe ni plagi ya njano chini ya kiti cha dereva: kila akisogeza kiti, waya unavutika. Hasara niliila mimi. Kwa hiyo fundi wako aanze na plagi hizo, kisha utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani (honi nayo ikikataa, mshuku huo), na aangalie kama zulia limelowa, maana kompyuta nyingi hukaa sakafuni katikati, karibu na gia. Namba ikisema kosa ni la ndani ya kompyuta, na umeme unaifikia vizuri, hapo sawa, ibadilishwe.

Ila hiyo uliyoipata, iache. Mifuko ikishafumuka, kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya ajali, na nyingi hazikubali kazi tena hivihivi. Halafu "aina hiihii" haitoshi. Gari lenye mifuko ya pembeni na lisilo nayo yanaweza kufanana kama mapacha, kompyuta zikawa mbali mbali. Linganisha namba ya kifaa mpaka tarakimu ya mwisho.

Kufungua bolti si kazi ngumu, na ndiyo maana watu huponzwa. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Mengine sekunde 90, mengine dakika kadhaa. Mimi hukaa dakika kumi nzima, wanaonicheka wacheke. Ndani ya kompyuta hiyo kuna umeme uliohifadhiwa wa kutosha kufumua mfuko hata betri ikiwa nje. Waya za eabegi usizipime kwa mita ya kawaida. Wala usiwashe swichi kompyuta ikiwa imelala tu juu ya zulia: kihisi cha mgongano kimo humo ndani, kwa hiyo mshale ulio juu ya kompyuta uelekee mbele ya gari na bolti zikazwe barabara kwenye chuma safi.

Magari mengi yatataka kompyuta mpya isajiliwe kwa mashine, na hapo utamhitaji fundi tu. Akimaliza, washa swichi mbele yake. Taa iwake sekunde chache, izime. Isipozima, usimlipe bado. Mrudishe chini ya kiti.