Ukuta wa jirani umeandikwa maneno ya chuki: tuanzie wapi?

Umeuliza kama muandamane baada ya ukuta wa familia moja mtaani kuandikwa matusi ya kibaguzi. Maandamano yasubiri. Anzeni na familia yenyewe, waulizeni wanataka nini. Wapo wasiopenda kutajwa hadharani, na hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema.

Kabla ya kufuta, pigeni picha mbili: moja ya mbali ionyeshe jengo zima, nyingine ya karibu yenye rula kando ya maandishi. Andikeni tarehe, saa na aliyeyaona kwanza, ripotini polisi na mwombe namba ya jalada. Kisha futeni siku hiyo hiyo ikiwezekana, maana yakikaa huonekana yamekubaliwa. Picha hizo msizisambaze. Mtakuwa mnamtangazia mhalifu.

Baadaye tafuteni ishara moja ambayo kila nyumba inaweza kuiweka. Mwaka 1993 huko Billings, mji wa jimbo la Montana nchini Marekani, dirisha la familia ya Kiyahudi lilivunjwa kwa tofali kwa sababu ya menora (kinara cha mishumaa cha ibada ya Kiyahudi) iliyowekwa pale. Maelfu ya kaya zisizo za Kiyahudi zikabandika picha za menora madirishani, na familia zilizolengwa hazikubaki peke yao.