Nikimbie pekupeku au nirudie raba?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 47, naishi Msasani, Dar es Salaam. Shoga yangu kanishawishi tukimbie pekupeku ufukwe wa Coco, eti raba zinalemaza miguu. Wiki ya kwanza tulikwenda siku tano mfululizo, nusu saa kila siku. Sasa vigimbi vimekaza, ngazi nazishuka kinyumenyume. Usiku vidole vya miguu hufa ganzi, ila hiyo ni tangu mwaka jana, nadhani uzee. Niendelee?
Mama wa Msasani

JIBU: Marahaba, mama. Vigimbi kwanza. Wengi wetu tukivaa raba nene hutanguliza kisigino. Ukivua, kisigino kinauma, basi mguu wenyewe hujifunza kutanguliza sehemu ya mbele ya wayo. Kisigino kinapata nafuu, lakini kazi yote inahamia kwenye kigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino. Vyako vimelala viatuni miaka na miaka, nawe umeviamsha kwa fujo! Pumzika mpaka ushuke ngazi kama watu, kisha anza na dakika 5 za kutembea, leo uende, kesho upumzike. Ukisikia maumivu mahali pamoja tu juu ya wayo, pale ukipabonyeza unaruka, acha kabisa ukapigwe picha. Mfupa huenda umeingia ufa.

Faida ipo, sikatai. Mimi nimekimbia pekupeku Korogwe hadi darasa la saba, na misuli midogo ya wayo, ile isiyo na kazi ndani ya raba, huimarika kweli. Shogayo bila shaka atakutajia Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku, kwa saa 2 na dakika 15. Mwambie amalizie: Tokyo 1964 alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2 na dakika 12.

Ufukweni nendeni maji yakitoka, mkanyage mchanga mbichi ulioshikana. Ule mkavu wa juu ndiko mbwa na paka hujisaidia, na minyoo yao hupenya ngozi ya wayo ikaacha mstari unaowasha usiku kucha. Jumatatu asubuhi msiende. Chupa za Jumapili zinawangoja.

Lakini kilichonishtua ni hiyo ganzi, uliyoitaja kama mtu anayetaja mawingu. Ganzi ya mwaka mzima usiisingizie uzee. Kisukari huua mishipa ya fahamu ya miguu kimyakimya. Mwalimu mwenzangu mmoja alishinda na pini ya ubao wa matangazo ndani ya kiatu, imemchoma tangu asubuhi, akaiona jioni alipovua soksi yenye damu. Hakuwa akijua kwamba ana kisukari.

Kapime sukari wiki hii, asubuhi, kabla hujanywa chai. Mweleze daktari habari ya ganzi, akuguse nyayo ukiwa umefumba macho. Majibu yakiwa mabaya, raba usizivue hata mchangani. Yakiwa mazuri, niandikie tupange ratiba, na uniambie mara ya mwisho ulichomwa lini sindano ya pepopunda.