Hizo gitaa kubwa za zamani za Harmony zina nini hasa?

Umeuliza kwa nini watu wanahangaika kutafuta gitaa la Harmony Sovereign la miaka ya 60 wakati gitaa jipya la kampuni ya Martin lipo dukani. Siri iko ndani bana. Chungulia kwenye tundu utaona vile vijiti vinavyoshikilia uso wa gitaa vimekatiza upande hadi upande kama ngazi, havijapishana kwa alama ya X kama kwenye Martin, basi ukicharaza uzi sauti inatoka haraka, kavu, ya katikati imejaa halafu inazima mapema, yaani ukipiga bluzi kwa vidole kila noti unaisikia peke yake hazirukiani. Sasa hiyo ukiiweka kwenye bodi kubwa kama ya H1260, modeli mojawapo ya Sovereign, uso wa mbao nzima ya sprusi (si plaiwudi) na mgongo wa mahogani, unapata na kishindo juu yake, mimi naipenda mno! Lead Belly, yule mwanabluzi wa Marekani, alikuwa na gitaa kubwa la Stella la nyuzi 12, nalo vijiti vyake ni vya ngazi, sikiliza besi yake inavyotembea.

Hizo Harmony zilitengenezwa Chicago kwa watu wa kipato cha kawaida, ndio maana zilikuwa nyingi. Ila kabla hujanunua angalia uso kama umebonyea karibu na tundu au umevimba nyuma ya daraja (kile kipande usoni kinachoshika nyuzi), na pale freti ya 12 (kile chuma cha 12 kwenye shingo) nyuzi zisiwe juu sana, maana zikiwa juu inabidi shingo ing'olewe na kurudishwa upya, na hapo fundi anakula hela ndefu. Na weka nyuzi nyepesi tafadhali.