Ukichunguza mageuzi ya kesi za jinai, fika hadi mezani kwa jaji

Wadogo zangu wanaosoma sheria hapa Dodoma huniuliza waanzie wapi wakitaka kuandika kuhusu mageuzi ya kesi za jinai na yanavyowagusa majaji. Chagua badiliko moja tu, ulifuate mpaka mwisho. Mimi nilichagua wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida walioketi na jaji kumshauri.

Zamani kesi ya mauaji Mahakama Kuu haikusikilizwa bila wazee wa baraza wasiopungua wawili. Jaji aliwafanyia majumuisho, yaani muhtasari wa ushahidi na sheria, wakatoa maoni, ingawa hakufungwa nayo. Sheria Na. 1 ya 2022 ikarekebisha kifungu cha 265 (kwa namba za wakati huo; toleo la sheria litaje daima) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Sasa jaji ndiye anayeamua kama anawahitaji.

Ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, usome hukumu za Mahakama ya Rufani za kabla ya hapo. Utakuta kesi za mauaji zimefutwa kwa sababu wazee hawakuelezwa wajibu wao, au jaji aliruka hoja muhimu ya kisheria kwenye majumuisho. Kesi ikianza upya, mashahidi watafutwe tena, mshtakiwa aendelee kusota mahabusu, na kazi ya jaji imepotea yote.

Mzigo huo umepungua, nami nafurahi. Lakini upo mwingine. Ukiacha mjamzito na mtoto, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kifo, kwa kifungu cha 197 cha Kanuni za Adhabu, na jaji hana nyingine ya kuchagua. Nani aaminiwe, nani asiaminiwe, sasa anaweza kuliamua peke yake kabisa. Jambo hili linanigusa sana.

Kwa hiyo mtafute pia aliyewahi kuwa mzee wa baraza. Mwamkie, kaa, daftari litoke baadaye. Niliyemtembelea Chamwino alinieleza jinsi walivyomsaidia jaji mgeni kuelewa ugomvi wa mifugo na mila za Kigogo ambazo mashahidi hawakuona haja ya kuzifafanua.

Ukipata kibali cha kuonana na jaji, usimuulize kama mageuzi ni mazuri. Muulize ni kesi ya namna gani ingemfanya awaite wazee leo, na kwa nini. Kesi ambayo bado iko kwenye rufaa usiitaje, hawezi kuizungumzia.