Kitabu cha kwanza cha klabu ya mtandaoni: tafuta kitakachomalizika

Mleta mada, umesema mko watu 18 kwenye kundi la WhatsApp, mmetawanyika, kila mtu anavutia kitabu chake na wiki ya pili sasa hamjaelewana. Unauliza mwanze na riwaya au kitabu cha kujiendeleza, na nani awe na kauli ya mwisho. Nianze na hilo la pili maana ndilo linalowakwamisha: acheni kupokea mapendekezo. Watu wawili wakae watoe orodha ya vitabu vitatu, kundi lipige kura, mambo yaishe. Mapendekezo ya wazi huleta majina 20, kila jina na mtu wake mmoja, na ambaye chake hakikupita anaanza klabu akiwa amenuna. Zamu ya wanachama kupendekeza itakuja kwenye kitabu cha tatu au cha nne, mkishajuana.

Hao wawili waelewe kwanza kazi ya kitabu cha kwanza. Siyo kuonyesha kundi lina ladha gani, wala kusoma kile kitabu maarufu ambacho kila mtu anaona haya kukiri hajakisoma. Kazi yake ni kwamba siku ya mjadala walio wengi wawe wamefika ukurasa wa mwisho na wawe na la kubishania. Kikisomwa na watatu kati ya 18, wale 15 wataona aibu kurudi, na cha pili mtakisoma ninyi watatu.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni upatikanaji. Watu hukiruka kwa sababu kinaonekana kidogo. Kabla jina halijaingia kwenye orodha, mpe mtu mmoja siku mbili akitafute kitabu kama mwanachama wa kawaida, na ikiwezekana awe yule anayeishi mbali zaidi na wenzake. Akikikosa, kitoeni, hata kiwe kizuri namna gani. Aangalie njia tatu: nakala ya karatasi, ya kielektroniki na ya sauti. Zikipatikana mbili inatosha. Moja peke yake ni kubahatisha. Wala msiweke matumaini yote kwenye maktaba ya kidijitali. Maktaba nyingi hukopesha kitabu cha kielektroniki kwa leseni ya nakala moja kwa msomaji mmoja, kwa hiyo mkikiomba watu kumi wiki moja mnapangwa foleni, na wa mwisho anakipata mjadala umeshapita. Vitabu vipya vinavyovuma vina shida hiyohiyo, tena nakala ya karatasi mara nyingi inakuwa imetoka kwa jalada gumu tu, ambalo ni ghali.

Najua kuna atakayesema "si tutumiane PDF tu". Achilia mbali kwamba huo ni uvunjaji wa hakimiliki, PDF ya kurasa zilizopigwa skani ni adhabu kwenye simu. Maandishi hayajipangi upya kufuata upana wa kioo, unavuta kulia na kushoto kila mstari, na ukifika ukurasa wa 30 umeshachoka na mwandishi asiye na kosa. EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, hujipanga yenyewe na unakuza herufi utakavyo. Kama tatizo ni fedha, tafuteni kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha muda. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimepandisha hadi 70, hivyo kila mmoja aangalie sheria ya anakoishi. Project Gutenberg, iliyoanza 1971, hutoa vitabu vya namna hiyo bure kwa kufuata sheria ya Marekani, na LibriVox, iliyoanza 2005, ina matoleo ya sauti yanayosomwa na watu wa kujitolea. Angalizo moja hapa: tafsiri ina hakimiliki yake. Mwandishi anaweza kuwa amekufa karne mbili zilizopita na mfasiri bado yuko hai na ana haki zake.

Kuhusu tafsiri, kama zipo zaidi ya moja, chagueni moja na mtaje jina la mfasiri na mwaka. Vinginevyo mtabishana nusu saa juu ya sentensi ambayo kwa wenzenu haimo. Angalieni pia matoleo yaliyofupishwa, hasa ya sauti na yale ya wanafunzi. Hayaandikwi kwa herufi kubwa kwamba yamefupishwa. Njia rahisi ni kutuma ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu yenye tarakimu 13, ila mjue kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada gumu, jalada jepesi na cha kielektroniki ni namba tatu tofauti. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutogawa usomaji kwa kurasa. Ukurasa wa 90 wa mmoja ni wa 112 wa mwingine, na anayesikiliza hana ukurasa kabisa. Gaweni kwa sura. Kitabu kisicho na sura wala vipande vyenye namba kinasumbua sana kundi la mtandaoni. Mimi nisingekianza nacho.

Urefu upigieni hesabu, msikadirie kwa macho. Ukurasa wa riwaya ya Kiingereza huwa na maneno kama 275, hivyo kurasa 200 ni maneno 55,000. Msomaji wa maneno 200 kwa dakika anahitaji dakika 275. Kwa Kiswahili maneno ni marefu, kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Ukurasa unakuwa na maneno machache, kasi ya maneno kwa dakika nayo inashuka, na muda wa ukurasa mmoja hauachani sana. Sasa chukua mtu mwenye kazi na familia: tuseme anapata vikao vitatu kwa wiki vya dakika 25. Kwa wiki nne hizo ni dakika 300. Kitabu cha kurasa 200 kinaingia, kikibakiza dakika 25 tu za dharura. Cha kurasa 300 kinataka dakika zaidi ya 410, yaani kama wiki tano na nusu, na kitabu cha kwanza hakivuki wiki nne bila watu kupoa. Ndiyo maana nasema kurasa 120 hadi 180 ni pazuri, 200 ndiyo dari. Anayesikiliza ahesabu maneno kama 150 kwa dakika, kwa hiyo kurasa 200 kwake ni saa sita na dakika chache.

Kigezo kinachofuata ni kama kitabu kina mjadala ndani yake. Kipimo chake ni rahisi ila kinauma: aliyekipendekeza aandike maswali matano ambayo jibu lake halimo kitabuni na ambayo watu wawili waliosoma vizuri wanaweza kutofautiana. "Nani aliiba fedha?" si swali. "Mama alijua tangu mwanzo, au alijidanganya?" hilo ni swali. Akikwama kwenye la pili, kitabu ni kitamu lakini si cha klabu. Vitabu ambavyo kila mtu anavipenda kwa sababu ileile huisha kwa dakika kumi za kusifu, halafu kimya, halafu mtu anauliza kitabu kijacho ni kipi. Hadithi za upelelezi zina ugonjwa wa karibu na huo: zinamalizwa na wote, lakini zikishafichua siri hazibakizi kitu.

Maana yake ni kwamba angalau mmoja wa wale wawili awe amekisoma chote, siyo muhtasari wala sifa za mtandaoni. Lakini kisiwe kitabu anachokipenda kuliko vyote maishani. Watu wataogopa kukisema vibaya mbele yake, na kundi changa linajifunza siku ya kwanza kwamba hapa tunasifu tu.

Riwaya au kujiendeleza? Riwaya fupi. Kitabu cha kujiendeleza kina kasoro mbili: hoja zake kuu zinapatikana kwa muhtasari wa dakika tano, kwa hiyo watu wanakuja bila kusoma na huwezi kuwagundua, na mjadala unageuka ushuhuda, kila mtu na maisha yake, kitabu kimewekwa kando. Mkusanyiko wa hadithi fupi unaweza kuwa chaguo zuri zaidi kama kundi lina watu waliokaa miaka bila kusoma, maana aliyesoma hadithi mbili bado ana la kusema. Hapo tajeni hadithi nne kwa majina, la sivyo kila mtu atasoma za kwake. Juzuu ya kwanza ya mfululizo iepukeni, inaishia hewani. Siasa za sasa na dini zisubiri. Kama kitabu kina ubakaji, kujiua au kifo cha mtoto, semeni hivyo kwa mstari mmoja kwenye orodha. Hamjui nani kati ya hao 18 amepitia nini.

Kura sasa. Msipige ile ya kila mtu kuchagua kimoja. Mkipata 7, 6 na 5, mshindi amekataliwa na watu 11, na hao ndio wataacha kusoma wiki ya pili. Kila mtu aweke alama kwenye vitabu vyote alivyo tayari kusoma, hata kama ni vyote vitatu. Kinachoshinda ni kile kilichokubaliwa na wengi. Kura ya WhatsApp inaruhusu hilo, acheni tu kile kitufe cha majibu mengi kikiwa kimewashwa. Ila inaonyesha nani amepigia nini, hivyo msimamizi na wale wawili wapige mwisho, wasiwavute wengine. Saa 48 zinatosha. Vikilingana, kifupi ndicho kinachopita. Asiyepiga amekubali. Na hesabuni vizuri: wakipiga 11 kati ya 18, klabu yenu ina watu 11.

Tangazo liwe ujumbe mmoja, ubandikeni juu ya kundi: jina la kitabu, mwandishi, mfasiri kama yupo, ISBN, idadi ya sura, sura ya katikati na tarehe yake, tarehe ya mjadala. Pia liseme wazi kwamba asiyemaliza anakaribishwa lakini mwisho wa kitabu utajadiliwa. Toeni wiki tatu za kutafuta nakala kabla ya zile nne za kusoma, kwa sababu ya wanaoagiza kwa posta. Mkikutana kwa Zoom ya bure, kikao kinakatika dakika ya 40: maswali matano, watu wanane, dakika moja moja kila mtu, imejaa. Chagueni matatu.

Wiki ya pili kutakuwa kimya. Msiulize "mmefika wapi?", hilo linawaficha walio nyuma. Ulizeni "nani bado hajapata nakala?", maana mara nyingi tatizo liko hapo na linatatulika. Kama nakala wanazo na bado wengi hawajavuka theluthi ya kitabu ifikapo tarehe ya katikati, sogezeni mjadala wiki moja, mara moja tu. Msibadilishe kitabu, waliokwishasoma hawatawaamini tena kwenye kinachofuata.