Abiria Akizidiwa Angani: Maneno kwa Wahudumu Wapya wa Ndege

Mwenzetu unayeanza kuruka kutoka Terminal 3 ya uwanja wa Dar, kwenye mafunzo umeshamkandamiza kifua yule mdoli mpaka viganja vikauma. Lakini mdoli alikuwa amelazwa kwenye sakafu pana, na hakuna aliyekuwa akimrekodi kwa simu. Abiria wa kweli atazidiwa akiwa kiti cha dirishani, jirani zake wawili wamelala, na meza za chakula ziko chini.

Kinachopoteza muda mara nyingi si kutojua. Ni watu watatu kukimbilia kazi moja. Wa kwanza kumfikia mgonjwa haondoki pale. Wa pili analeta oksijeni, mashine ya kushtua moyo na sanduku la huduma ya kwanza, vyote kwa mkupuo, hata kama unadhani mtu kazimia tu. Wa tatu anashika simu ya ndani na kalamu. Kwenye Bombardier, ndege ndogo ya pangaboi, mko wawili tu, kwa hiyo abiria mwenye nguvu atakopesha mikono, ila simu ya kwenda kwa marubani haikabidhiwi abiria.

Wengi wanaoanguka wamezimia. Hewa ya ndani hukaa kama ya mwinuko wa futi 6,000 hadi 8,000 (ndege kubwa ya Dreamliner inabaki kwenye 6,000), yaani umemtoa mtu Kariakoo ukamweka juu kuliko Mbeya mjini kwa muda wa nusu saa. Ongeza usingizi mchache, maji machache, au funga ya Ramadhani kwenye safari ya jioni. Mlaze, inua miguu, legeza mkanda na kola, subiri. Akizinduka usimsimamishe haraka, ataanguka tena, na safari hii atajigonga. Kinywaji chenye sukari anapewa akiweza kushika kikombe mwenyewe. Asiyejitambua hatiwi kitu mdomoni, hata ndugu yake akisisitiza.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinadanganya. Piko na rangi ya kucha huzuia mwanga wake, na kidole chenye baridi pia. Ukisoma asilimia 82 kwa mama anayekueleza habari za wajukuu bila kuhema, hamisha kipimo kwenye kidole kisicho na rangi, au mpashe joto mkono, kabla hujamshtua kapteni. Kwa abiria mzima, namba kushuka mpaka 90 na kitu angani si ajabu. Kwa upande mwingine, midomo ikibadilika rangi, amini midomo.

Chombo cha kusikilizia kifua hakikusaidii sana kwa kelele za injini. Mapigo yatafute shingoni kwa vidole. Presha ipimwe kwa kushika mkono: jaza hewa mkanda wa kipimo mpaka mapigo ya kwenye kifundo cha mkono yapotee, achia taratibu, na namba ambapo yanarudi ndiyo ya juu. Ya chini achana nayo.

Oksijeni ni hesabu. Mtungi wa lita 310 ukiufungua lita 4 kwa dakika unakwenda saa moja na robo hivi. Kwa lita 2, saa mbili na nusu. Safari ya Mumbai inapita saa tano, na ndiyo yenye wagonjwa wengi wanaokwenda kutibiwa India. Kwa hiyo hesabu mitungi kabla ya kumwahidi mtu oksijeni mpaka mwisho. Futa mikono yenye mafuta ya kupaka kabla ya kugusa vali, na mwombe mgonjwa afute lipstiki. Mafuta na oksijeni haviishi nyumba moja, huzua moto.

Wapiga mbizi wanaotoka Mafia na Unguja ni kundi la peke yake. Akilalamika viungo vinauma au ngozi inawasha na kufa ganzi, muulize alitoka majini lini. Ushauri wa kawaida ni kusubiri saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja na 18 baada ya kadhaa, na wapo wanaoficha ili wasikose ndege. Mpe oksijeni na kapteni ajue mara moja, maana ndege kushuka chini kidogo kunaweza kusaidia.

Sasa saa, mtego wetu wa nyumbani. Mzee atakwambia, “Dawa ya presha nimekunywa saa mbili.” Ukimwambia hivyo hivyo daktari wa ardhini anayesikiliza kwa redio au simu ya setilaiti, ataandika saa nane usiku au mchana. Saa mbili asubuhi ya Dar ni 08:00 ya hapa na 05:00 ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Andika UTC peke yake kwenye karatasi nzima: alipoanguka, alipoanza oksijeni, kila dawa. Marubani nao wapelekewe taarifa fupi kwa mpangilio: umri, jinsia, ana nini, anajitambua, anapumua, amepewa nini, kuna daktari ndani au hakuna.

Ukimpata daktari, omba kitambulisho bila kumvunjia heshima. Muuguzi au tabibu pia ni msaada mkubwa. Wao wanashauri; kutua njiani ni uamuzi wa kapteni, ambaye anaangalia uzito wa mafuta, kiwanja kilicho wazi usiku na kama mji ule una hospitali ya maana. Usimwambie ndugu “tunatua sasa hivi” hujaambiwa.

Asiyejitambua na hapumui kawaida, mtoe kitini. Kukandamiza kifua mtu ameketi ni kujichosha bure. Mmoja ashike makwapa, mwingine magoti, mpelekeni kwenye nafasi ya mlangoni au jikoni. Kandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, makandamizo 30 kwa pumzi 2, na mbadilishane kila dakika mbili kabla hujachoka. Kifua kikaushwe jasho, pedi moja ya mashine ya kushtua moyo chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, zishike ngozi tupu. Mashine ikichunguza, hakuna anayegusa, hata ndugu aliyeshika mkono.

Mwongozo unaofuatwa na mashirika mengi unasema hivi: mkiendelea dakika 30 au zaidi, hakuna dalili ya uhai na mashine haishauri kushtua, mnaweza kuacha na kumchukulia kuwa amefariki. Kuthibitisha kifo si kazi yenu. Redioni na kwenye ripoti sema mmesitisha huduma, saa ngapi, basi.

Mwili unawekwa kwenye safu yenye watu wachache. Ndege ikijaa, kwenye kiti chake. Macho yafumbwe, mkanda ufungwe, blanketi mpaka shingoni. Msiuweke chooni, hakuna cha kuushikilia wakati wa kutua, na kuutoa baadaye ni aibu kwa wote. Usizibe njia wala mlango. Ndugu akitaka kufunika uso au kusoma Yasin kwa sauti ya chini, mwambie mkuu wa wahudumu; mara nyingi hakuna kinachoharibika. Ila usimwahidi lini atakabidhiwa mwili, kwa sababu hujui.

Mkitua Dar, abiria wengine watoke kwanza. Ndugu abaki na mwili mpaka maafisa afya wa uwanjani na polisi wapande. Glavu, sindano na vitambaa vyenye damu viende kwenye mfuko wake, visichanganywe na takataka za chakula. Na kabla hujashuka, mtungi uliotumika na sanduku lililovunjwa lakiri viandikwe kwenye kitabu cha kiufundi cha ndege, la sivyo zamu ya asubuhi itapaa kwenda Mwanza na mtungi mtupu.