Fast & Furious: uanze na ipi, ufuate ipi?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya Fast & Furious: filamu 10 za mfululizo mkuu, tangu 2001 hadi 2023, na moja ya pembeni. Nimejitahidi nisiwaharibie uhondo, isipokuwa katika jibu la wikiendi na katika la kwanza, ambalo halijibiki bila kutaja kifo cha Han, mmoja wa madereva wa filamu hizi.

Shikamoo kaka. Sijawahi kuona hata moja. Rafiki zangu wanasema Tokyo Drift, ambayo ni ya 3, niitazame baada ya ya 6 kwa kuwa ndivyo hadithi inavyokwenda. Ni kweli? (Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Kwa mtiririko wa matukio rafiki zako wako sahihi. Tokyo Drift ilitoka 2006 na Han akafia humo, kisha watu wakamwona mzima katika ya 4 (2009), ya 5 (2011) na ya 6 (2013). Justin Lin, aliyeongoza zote hizo nne, aliirudisha hadithi nyuma, hivyo ya 4, 5 na 6 zinatokea kabla Han hajahamia Tokyo.

Hata hivyo, anayetazama kwa mara ya kwanza afuate mwaka wa kutoka. Ukiwa unajua yatakayomfika, kila Han anapotabasamu katika ya 5 huku akitafuna vitafunwa vyake, moyo unakuuma. Halafu mwisho wa ya 6 umejengwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuiona Tokyo Drift: ajali ile ile inarudiwa, ila sasa tunamwona aliyeshika usukani wa gari lililomgonga. Tulichodhani ni ajali kumbe ni mauaji! Kama hukuiona ya 3, hapo utapigwa na butwaa kidogo tu, kisha utaingia Tokyo Drift ukijua tayari nani atakufa na kwa mkono wa nani. Utakuwa umepoteza utamu wa filamu zote mbili.

Mtiririko wa matukio uuweke kwa marudio. Ukiufuata utakutana na simu za 2006 katika hadithi inayodaiwa kuja baada ya filamu ya 2013, na katika ya 7 utamwona Dom, mhusika mkuu wa mfululizo, akizungumza na Sean, kijana wa Tokyo Drift, baada ya mbio zilizofunga Tokyo Drift, ilhali uso wa Lucas Black, mwigizaji wa Sean, umeshakomaa kwa miaka kadhaa.

Fundi ameniwekea zote kwenye flashi, lakini majina yanafanana na mengine hayana namba. Nitazijuaje? (Tabora)

Usimlaumu fundi. Ya 1 inaitwa The Fast and the Furious na ya 4 inaitwa Fast & Furious, kwa hiyo hata wenye uzoefu huchanganya. Fungua kila moja uangalie mwanzo wake. Magari meusi yakiteka lori usiku, hiyo ni ya 1. Mbio za mtaani Miami ni ya 2, na vijana wa sekondari Marekani wakigombania ushindi kwenye eneo la ujenzi ni Tokyo Drift. Wizi wa matangi ya mafuta huko Jamhuri ya Dominika ni ya 4. Ya 5 inaanza pale pale ya 4 ilipokomea, kwa basi la wafungwa. Dom na rafiki yake Brian wakiwahi hospitali kwa Mia, dada wa Dom, anayejifungua, umeipata ya 6. Mtu amesimama kando ya kitanda cha mdogo wake hospitalini London ni ya 7. Havana ni ya 8. Uwanja wa mbio mwaka 1989 ni ya 9.

Nasikia kuna filamu fupi pia. Zina umuhimu? (Mombasa)

Zipo mbili. Ya 2003 inaeleza Brian alivyotoka Los Angeles hadi Miami. Itazame kati ya 1 na 2, ukiikosa hujapungukiwa. Los Bandoleros ya 2009, ambayo Vin Diesel aliiongoza mwenyewe, usiiache. Iweke mara tu kabla ya ya 4. Ndiyo inayoonesha Dom akiishi mafichoni na jinsi mpenzi wake Letty anavyomfuata huko, na bila hiyo mwanzo wa ya 4 unakuingiza katikati ya maongezi.

Hobbs & Shaw niiweke wapi?

Hiyo ndiyo ile ya pembeni; iweke baada ya ya 8. Ukiiruka hutapotea.

Mimi na mume wangu tuna wikiendi moja tu. Utuchagulie. (Arusha)

Dada yangu, chukueni ya 1, 3, 5, 6 na 7, kwa mpangilio huo. Ni kama saa 10 kwa jumla. Mkiruka ya 4, jueni tu kwamba humo Dom anampoteza Letty, la sivyo ya 6 itawashangaza.

Ni vyema kuishia ya 7? (Bujumbura)

Ndugu, ningeelewa ukiishia hapo. Paul Walker, aliyeigiza Brian, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 30 Novemba 2013, filamu ikiwa haijakamilika. Ndugu zake Caleb na Cody walisimama mahali pake na picha za kompyuta zikasaidia, na dakika za mwisho ni buriani ya kweli kwa mtu wa kweli. Baada yake hakuna kilichonigusa kiasi hicho.

Ila kama umempenda Han, vumilia hadi ya 9. Ukishafika huko, irudie ya 5 kabla ya kuwasha ya 10, kwa kuwa adui wa ya 10 anatokana na wizi wa Rio, na filamu inafunguka kwa kuurudia wizi huo. Ujue pia kwamba ya 10 inakatika hadithi ikiwa bado inaning'inia.